Amana Iliyomo Ndani ya Printa ya Ofisi

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, akishaipita Igoma, huingia Kisesa, mji mdogo wa wilaya ya Magu ambao siku hizi haulali mapema. Soko lipo, stendi ipo, na kando ya barabara zimejipanga stesheneri ambazo mchana kutwa zinatoa kopi, zinaskani na kuchapa. Ni familia chache za hapa ambazo hazijapita mlangoni mwa mojawapo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayeanza shule, kitambulisho cha NIDA cha baba anayefungua akaunti ya benki, fomu za mkopo za kijana anayekwenda chuo kikuu, pasi ya kusafiria ya mzee aliyejaaliwa nia ya Hija, vyote hupita juu ya kioo cha mashine kabla ya kufika vinakokwenda.

Sisi tuandikao makala haya ni mume na mke tuishio hapa Kisesa. Kazi yetu ni ufundi wa kompyuta na printa, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiitwa na shule, zahanati, madrasa na ofisi ndogondogo, kuanzia hapa hadi Nyakato, mashine zinapogoma. Mara nyingi tunaitwa kwa sababu karatasi imekwama au wino umekwisha. Ni mara chache mno tumeulizwa swali ambalo kwetu sisi ni kubwa zaidi: je, maandishi yanayopita katika mashine hii yako salama? Tunaandika ili wazazi na viongozi wa taasisi zetu waanze kuliuliza swali hilo.

Watu wengi huitazama printa kama waitazamavyo meza au kabati la ofisi, chombo kilichowekwa pale kifanye kazi yake na kunyamaza. Printa ya zamani iliyofungwa kwa waya kwenye kompyuta moja ilikaribia kuwa hivyo. Printa ya ofisi ya leo ni kompyuta kamili. Ina kumbukumbu, zile kubwa zina diski ya kuhifadhia nyaraka, na ina anwani yake katika mtandao wa ofisi, yaani mafungu manne ya tarakimu yaliyotenganishwa kwa nukta. Mtu aliyeungana na mtandao huo akiziandika tarakimu hizo katika simu yake, hufunguka ukurasa wa mashine yenyewe. Katika mashine nyingi ukurasa huo huonesha orodha ya kazi zilizofanywa karibuni, daftari la anwani za barua pepe na mipangilio yote. Kufuli la ukurasa huo ni nywila. Lakini mashine nyingi zimetoka kiwandani ama bila nywila kabisa, ama na nywila iliyoandikwa katika kijitabu cha maelezo ambacho yeyote anaweza kukisoma. Asipotokea mtu wa kuibadilisha, mlango hubaki wazi mwaka baada ya mwaka.

Mambo haya tuliyajua kwa njia ya kazi. Uzito wake tuliuona yalipoigusa familia yetu.

Shangazi yetu alifiwa na mumewe. Akiwa bado katika eda, ndugu walikutana, wakaandika muhtasari wa kikao cha ukoo wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, wakaambatanisha orodha ya mali: nyumba, kiwanja, ng'ombe na kiasi cha fedha kilichokuwamo benki. Nyaraka hizo zilipelekwa katika ofisi moja, zikaskaniwa na kutolewa kopi kwa ajili ya maombi ya mahakamani. Hazikupita wiki mbili, orodha ile ikawa midomoni mwa watu. Wakaja watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakidai kwamba marehemu aliondoka na deni lao. Madeni hayo yakijumlishwa yalikaribia sana kiasi kilekile kilichokuwamo benki.

Kila Muislamu anajua kwamba deni la marehemu hulipwa kabla ya warithi kugawiwa mali. Kwa sababu hiyo deni la uongo ni njia ya mkato ya kula mali ya yatima, na anayetaka kulitunga humfaa sana kujua mapema ni kiasi gani kimeachwa. Shangazi alituambia kwa sauti ya chini, "Wanangu, mimi nimekaa eda, sijatoka hata kwenda kwa jirani. Lakini mali ya watoto hawa imekwisha kuhesabiwa sokoni."

Lawama zote zilimwangukia kijana karani aliyeziskani nyaraka zile. Baadhi ya ndugu walimnyooshea kidole waziwazi, na mkuu wa ofisi akawa tayari kumwachisha kazi. Mama wa kijana huyo alikuja nyumbani kwetu jioni moja, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Mwanangu hajafungua kinywa kwa mtu. Mkitaka aape, ataapa. Ila msimwondolee riziki kwa dhana." Maneno hayo yalitusukuma. Tukamwomba mkuu wa ofisi ruhusa ya kuichunguza mashine, naye akatupa ruhusa hiyo kwa maandishi, akaketi nasi tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa jepesi. Tuliiamuru mashine ichape karatasi ya taarifa zake, jambo ambalo takribani kila printa ya ofisi inaweza kulifanya kwa kubonyezwa katika menyu yake. Karatasi hiyo ilitupa anwani yake ya mtandao, ikatuambia kwamba ina diski ndani, na ikatuonesha huduma zilizokuwa zimewashwa. Zilikuwa nyingi kuliko ofisi ile ilivyozihitaji. Mashine ilikuwa hata inatoa Wi-Fi yake yenyewe, tofauti na ile ya ofisi, na mawimbi yake tuliyapata tukiwa barabarani.

Kisha tukaenda kuketi kwenye benchi la wageni. Ukutani palibandikwa karatasi yenye nywila ya Wi-Fi, ukarimu uliokusudiwa kwa wateja wanaosubiri. Mtandao ule wa wageni ndio uleule uliobeba kompyuta za ofisi pamoja na mashine. Tukaandika anwani katika simu, na ukurasa ukafunguka bila kutuuliza sisi ni nani. Katika orodha ya kazi tulisoma majina ya nyaraka, na mojawapo lilikuwa na neno mirathi pamoja na jina la marehemu. Nyaraka zilizoskaniwa zilikuwa zimehifadhiwa katika kabati la ndani ya mashine, kabati lisilo na namba ya siri, na mtu angeweza kuzitazama na kuzichapa upya akitaka. Tulipofika hapo tuliufunga ukurasa. Tulikuwa tumepewa ruhusa ya kuangalia kama mlango umefungwa. Hatukupewa ruhusa ya kusoma yaliyomo ndani.

Mkuu wa ofisi alirudia hatua zile kwa simu yake mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo yeyote aliyewahi kukaa hapa?"

Tukamjibu, "Ndiyo, mzee. Yeyote aliyewahi kukaa hapa."

Hatukumpata aliyeitoa orodha, wala mashine haikuweka kumbukumbu ya nani aliyeufungua ukurasa wake. Kilichothibitika ni kwamba waliokuwa na uwezo wa kuiona hawakuwa mmoja. Karani alibaki kazini, na wazee wa ukoo walikwenda kwa mama yake kutaka radhi. Waliodai madeni waliambiwa walete maandishi au mashahidi. Mmoja hakurudi tena, na wa pili alikuja mikono mitupu. Lakini shangazi alimaliza eda yake akiwa na hofu ya kila hodi iliyopigwa mlangoni, na hilo hakuna aliyeweza kumlipa.

Mtu asidhani kwamba uzembe wa namna hii ni wa ofisi ndogo za miji yetu tu. Februari 2016, wezi wa mtandaoni waliingia katika mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo ya kuhamisha dola milioni 951 kutoka katika akaunti yake iliyoko New York. Benki hiyo ilikuwa na printa iliyochapa taarifa za miamala hiyo moja kwa moja, mchana na usiku. Wezi waliinyamazisha. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko nchini humo, na wafanyakazi waliokuwa zamu walipokuta haichapi walidhani ni hitilafu ya kawaida. Ilipofufuka ikaanza kutoa maswali kutoka New York kuhusu maagizo ambayo hakuna aliyeyajua. Mengi ya maagizo yale yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilikwisha kufika Ufilipino. Printa iliyogoma ndiyo iliyokuwa dalili ya mwanzo, na hakuna aliyeichukulia kuwa dalili.

Mwaka 2018, mtu mmoja aliyejificha kwa jina la bandia alizifanya printa nyingi duniani, ambazo yeye mwenyewe alidai zilikuwa zipatazo 50,000, zichape tangazo la kumshabikia msanii wa video za intaneti. Hakuvunja kufuli lolote. Alitumia mlango namba 9100, ambao printa nyingi huutumia kupokea kazi, na ambao wenye printa hizo walikuwa wameuacha wazi kwa dunia nzima. Alichokituma kilikuwa mzaha. Mwenye nia mbaya angepita mlango huohuo.

Kuna pia habari ya mashine zilizotumika. Mwaka 2010, waandishi wa shirika la utangazaji la CBS la Marekani walinunua mashine nne za fotokopi zilizokwisha kutumika, wakatoa diski zake na kuzisoma. Katika moja walikuta kumbukumbu za polisi, katika nyingine rekodi za wagonjwa wa shirika moja la bima ya afya. Shirika hilo, Affinity Health Plan, likalazimika kutoa taarifa kwamba huenda siri za watu wapatao 344,579 zilikuwa zimefichuka, na mwaka 2013 likakubali kuilipa serikali dola 1,215,780. Habari hii inatuhusu sana sisi wa huku, kwa kuwa mashine nyingi kubwa zilizomo katika ofisi na stesheneri zetu ni za mtumba. Tumewahi kuletewa mashine ya namna hiyo kwa matengenezo, na daftari lake la anwani lilikuwa bado limejaa majina ya wafanyakazi wa ofisi ya ng'ambo. Mashine zetu nazo zitauzwa siku moja, na atakayezinunua atakuta yale tutakayoyaacha ndani.

Hata mashine mpya haina kinga ya moja kwa moja. Juni 2025, watafiti wa kampuni ya Rapid7 walitangaza kasoro katika aina 689 za mashine za Brother: nywila ya kiwandani ilitokana na namba ya utambulisho ya mashine, na anayeipata namba hiyo anaweza kuikokotoa nywila. Kwa mashine zilizokwisha kutengenezwa, programu mpya peke yake haikutosha kuondoa kasoro hiyo, na mwenye mashine alitakiwa aibadilishe nywila kwa mkono wake. Maana yake ni kwamba mtengenezaji alikwisha kufanya aliloweza, na usalama uliobaki ukawa mikononi mwa karani, mwalimu au katibu anayeitumia mashine kila siku.

Katika nchi yetu jambo hili lina sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na imeunda Tume ya kusimamia wajibu huo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa upande wake, inamkataza mtu kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mwenzake bila ruhusa. Hili la pili tunalisisitiza kwa vijana wetu wenye vipaji vya kompyuta, kwa kuwa baadhi yao wakisoma makala haya watatamani kujaribu kwenye printa ya jirani. Dini yetu imetufundisha kwamba nyumba ya mtu haiingiwi ila kwa hodi na idhini, na kuchungulia siri za watu ni dhambi hata kama mlango uliachwa wazi. Kuchunguza kwa nia njema bila idhini bado ni kuingia bila idhini. Kijana mwenye ujuzi huu na aende kwa mkuu wa shule au kamati ya msikiti, aombe ruhusa, aipate kwa maandishi, ndipo aguse mashine.

Kazi yenyewe si ngumu wala haihitaji fedha nyingi. Ofisi yenye printa moja au mbili inaweza kuimaliza kabla ya adhuhuri. Ibadilishwe nywila ya mashine, na nywila mpya ikabidhiwe kwa watu wawili wanaojulikana. Wi-Fi ya wageni itenganishwe na ile ya ofisi, jambo ambalo ruta nyingi za kawaida zinaweza kulifanya. Huduma zisizotumika zizimwe, ikiwamo Wi-Fi inayotolewa na printa yenyewe. Kabati la ndani ya mashine lisafishwe na kuwekewa namba ya siri. Kama mashine inatuma nyaraka kwa barua pepe, isipewe nywila ya barua pepe kuu ya ofisi. Ifunguliwe akaunti yake ndogo, ili mashine ikivamiwa isiwe imeondoka na barua zote. Programu yake isasishwe kwa kuichukua kwa mtengenezaji. Mashine iwekwe mahali ambapo karatasi inayotoka haionwi na kila apitaye, na zile zenye uwezo wa kusubiri mpaka mhusika aandike namba yake ndipo zichape, uwezo huo utumike. Siku ya kuiuza au kuitupa, diski yake ifutwe kabisa au itolewe.

Kwa familia, tunaomba mambo machache. Anayepeleka nyaraka stesheneri asimame karibu mpaka kazi iishe, na aondoke na karatasi zake zote, hata zile zilizoharibika. Ahakikishe kitambulisho hakikubaki chini ya kifuniko cha mashine, kwani hapo husahauliwa kila siku. Anayetuma nyaraka kwa WhatsApp kwenye simu ya stesheneri amwombe mhudumu azifute mbele yake, kutoka katika simu na katika kompyuta, kwa maneno ya upole: "Ndugu yangu, naomba unifutie hiyo, ni mambo ya nyumbani." Hakuna mhudumu mwema atakayeudhika. Na kina mama wanaobeba kadi za kliniki na majibu ya vipimo vya watoto wasione haya kuuliza kwamba kopi itabaki wapi.

Tumeiacha mwisho taasisi iliyo karibu zaidi na nyoyo zetu. Misikiti na madrasa zetu nyingi sasa zina ofisi, na ofisi zina printa. Humo huchapwa mitihani ya watoto, mikataba ya ndoa, barua za suluhu baina ya mke na mume, na kila Ramadhani huchapwa orodha ya wanaostahiki zaka na futari. Orodha hiyo ina majina ya wajane, ya wagonjwa, na ya baba ambaye mtaani hakuna ajuaye kwamba jikoni kwake hapajawaka moto. Huyo aliikubali sadaka kwa kuwa aliahidiwa sitara. Wajumbe wa kamati ni watu waaminifu, nasi hatuna shaka nao, lakini uaminifu wao haufiki ndani ya diski ya mashine ambayo hawajawahi kuifungua.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa kamati hizo, katika kikao chao kijacho, waweke katika ajenda maswali manne. Nani anaijua nywila ya printa yetu, na ilibadilishwa lini? Nani mwingine yumo katika mtandao wetu? Mashine inahifadhi nini baada ya kuchapa? Na ikiharibika, fundi atakayeichukua anaondoka na nini ndani yake? Kamati ikikosa jibu la swali lolote, imuite fundi inayemwamini, na mjumbe mmoja aketi naye mpaka amalize. Orodha ya Ramadhani ijayo bado haijachapwa, na muda wa kufanya hivyo upo.

Wabillahi tawfiq.